Kidole Juu ya Usukani

Huku kwetu Yarrapin ukipishana na gari barabarani unainua kidole. Kimoja tu, cha shahada, mkono wenyewe ukiwa palepale kwenye usukani. Usipoinua, habari zitakutangulia nyumbani: yule ana maringo, au kafiwa. Mimi nilikuja hapa bibi harusi, nimemzika mume wangu hapahapa, na bado wananiita mgeni. Lakini kidole nilifundishwa wiki ya kwanza, na aliyenifundisha ni Bi Merle Treloar.

Siku hizo kidole kilikuwa na kazi. Sasa unaweza kutoka kwenye maghala ya ngano mpaka barabara kuu usione mtu wa kumwinulia. Benki iliondoka, shule ikafungwa, treni ikaacha kusimama, timu yetu ya mpira ikaunganishwa na ya mji jirani wa Kolbin, watu tuliowazomea maisha yetu yote. Kule mjini Adelaide mabasi yanafuatana kama bata, mtu akikosa moja analalamika kwa kuwa atangoja kidogo. Huku tuliobaki ni wazee na nzi. Nikiyasema haya dukani kwangu wananiambia, "Glenys, umeanza." Nimeanza, ndiyo! Nani mwingine ataanza?

Duka langu ndilo la mwisho. Nauza petroli, mkate, stempu, na umbea natoa bure. Bi Merle alikuwa akija kila asubuhi kuchukua gazeti. Alikuwa mjane, anakaa peke yake ng'ambo ya maghala na kuku wake, na mwanawe Rohan yuko migodini huko magharibi, anapiga simu Jumapili. Mikutano yote ya ukumbini chai ni yake. Nani kaumwa, nani kajifungua, Bi Merle kashafika na sufuria ya supu. Sikumbuki mtu kumpelekea yeye supu. Tulizoea tu kwamba yeye ndiye anayepeleka.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama barazani, nikaliona gari lake jeupe linakuja polepole. Likapita karibu na pipa langu la taka, lile la kijani lililosimama kando ya barabara. Bi Merle akaliinulia kidole. Pipa! Tena na tabasamu juu.

Alipoingia nilikuwa sina mbavu kwa kucheka. "Bi Merle, umelisalimia pipa langu!"

Hakucheka. Akapapasa kiti kilicho kando ya friji, akakaa. "Nilidhani ni Clem," akasema.

"Kusema kweli wanafanana," nikasema, maana Clem Noske ni mnene na kofia yake ni ya kijani. Ila kicheko kilikuwa kimeshaniishia.

Ndipo akaniambia. Katikati ya macho yake kumeingia giza. Akinitazama anaona nywele zangu na mabega yangu, uso hauoni. Kila mwezi anachomwa sindano ya jicho hospitalini Wendlow, mwendo wa saa mbili kwa gari, na huko alikuwa akienda kwa kufuata mstari mweupe wa barabara.

"Mungu wangu! Na magazeti unayonunua?"

"Nisiponunua gazeti nitasema nimekuja kufanya nini?"

Nikanyoosha mkono, akanipa funguo za gari bila ubishi. Akanishika kiganja. "Rohan asijue, Glenys. Mtu yeyote asijue. Akisikia siendeshi atanipeleka nyumba ya wazee Adelaide. Nitamjua nani kule? Nani atanijua mimi?"

"Wendlow nitakupeleka mimi."

"Na duka utamwachia nani, paka?"

Nikaapa kwamba sitasema. Najuta kuapa, lakini niliapa.

Haukupita muda ikatangazwa kwamba serikali imetenga fungu kwa miji midogo iliyoachwa nyuma. Nasi tulikuwa kwenye hesabu: basi dogo na dereva wake, la kwenda Wendlow na kurudi kila wiki. Ofisa angekuja kutusikiliza. Sharti lao moja, watu wenyewe waseme kwamba wanalihitaji. Nilirukaruka kama msichana.

"Hili basi ni lako," nikamwambia Bi Merle. "Simama useme. Ukianza wewe, wengine watafuata."

"Nisemeje?"

"Sema: sioni, siwezi kuendesha, nataka kubaki nyumbani kwangu. Basi."

Alijifunza maneno hayo mle dukani, amelielekea friji la barafu kana kwamba ndiyo serikali. Mara ya kwanza sauti ilimkatika kwenye "sioni." Baadaye akawa anayasema vizuri kabisa.

Siku ya mkutano kila mtu alikuja na sahani yake ya keki au sambusa, kama tufanyavyo siku zote. Ofisa alikuwa binti wa mjini anaitwa Tamsin, ana adabu zake, alikula kila alichopewa. Akaeleza habari za basi, kisha akauliza nani hapa atalitumia.

Birika kubwa tu ndilo lilisikika likichemka.

Mwenyekiti wetu ni huyo Clem Noske. Mkewe alihamia Adelaide kuwa karibu na hospitali, naye siku hizi hushinda dukani kwangu akisoma maandishi ya makopo ili asikie mtu akizungumza. Akasimama, kofia mkononi.

"Tunashukuru, binti yangu. Ila sisi tuko sawa. Wapo wenye shida kweli. Wapeni Kolbin."

"Kweli kabisa," wengine wakadakia. "Sisi hatujambo."

Ati hawajambo! Nawajua mmoja mmoja. Damu ilinipanda. "Sawa ya wapi, Clem? Mnataka kufa na tai shingoni?"

"Mgeni kaanza," mtu akasema nyuma, ukumbi ukacheka.

Tamsin hakucheka. "Hakuna hata mmoja," akauliza taratibu, "mwenye shida yake mwenyewe?"

Nikamtazama Bi Merle. Akasimama. Ameshika mgongo wa kiti mbele yake kwa mikono yote miwili.

"Mimi," akasema.

Wote wakageuka. Na Clem, Mungu amsamehe, kwa mapenzi tu na moyo mweupe, akasema, "Sema, Merle! Binti, huyu ndiye nguzo yetu. Tangu nimjue sijawahi kumsikia akilia shida."

Watu wakapiga makofi. Bi Merle akasubiri yaishe. Nikaona midomo yake inatafuta yale maneno ya mbele ya friji.

"Mimi nilitaka kusema chai iko tayari," akasema.

Nilimkuta jikoni anaosha vikombe kwa kupapasa. Nilikuwa na hasira. "Kwa nini, Bi Merle? Kwa nini?"

"Umemsikia Clem. Baada ya pale ningesema nini?"

Basi likaenda Kolbin. Huwa linapita barabara kuu, na wala si mara zote lina watu. Kila nikisema nifunge duka nimpeleke, Bi Merle anakataa; alikosa sindano mara moja, akakosa tena, giza likaenea. Rohan alipokuja likizo alimkuta mamake anamwaga chai nje ya kikombe. Haikuchukua muda, nyumba ikatangazwa kuuzwa na kuku wakagawiwa.

Karamu ya kumuaga ilijaza ukumbi hadi mlangoni. Walikuja hata wa mashamba ya mbali, sijaona sahani nyingi vile tangu shule ilipofungwa. Kila aliyemkumbatia alimwambia, ungesema tu, Merle, ungesema tu. Naye akajibu kila mmoja, "Niko sawa, mpenzi."

Clem alinifuata kwenye pampu ya petroli, machozi yanamtiririka. "Ningempeleka mimi! Kila wiki naenda Wendlow peke yangu naongea na redio. Angesema!"

"Wewe ulishasema kwa niaba yake. Ulisema tuko sawa."

Akaizungusha kofia yake ya kijani mikononi. "Mimi siko sawa, Glenys," akasema, kwa sauti ndogo, pale ambapo hakuna wa kusikia ila mimi. Nikamshika bega.

Rohan alitangulia na lori la vyombo. Nikafunga duka nikamchukua Bi Merle garini kwangu. Alikaa wima, mkono ameuweka juu ya dashibodi, na kila aliposikia gari linakuja aliinua kidole. Kwenye maghala tulipishana na Clem, akainua chake. Tulipoingia barabara kuu tukaenda mwendo mrefu bila kukutana na mtu.

"Nilikuwa mpweke, Glenys," akasema ghafla. "Hata kabla ya macho. Nikipeleka supu, nilikuwa natafuta mahali pa kukaa."

Niliendelea kuendesha.

Tulipoingia Adelaide magari yalikuwa yamepanga foleni kila upande. Bi Merle akayasikia, uso wake ukachangamka. Kidole kikainuka, kikashuka, kikainuka tena.

"Loo, wengi leo!" akasema. "Wanajibu?"

Nikatazama. Vioo vimefungwa, kila mtu macho mbele, hakuna hata aliyegeuza shingo.

"Wote," nikasema.

"Basi watu wa huku si wabaya," akasema, akaendelea kuwasalimia mpaka tukafika kwenye geti la ile nyumba ya wazee.