Mkebe wa Mwandiko wa Mama

Wiki iliyopita, kwenye treni ya kwenda Hjulsta, hapa Uswidi, dada mmoja alifungua dawa ya kufutia rangi ya kucha. Abiria walikunja nyuso. Mimi nilivuta pumzi ndefu, nikawa tena na miaka tisa, jikoni kwetu Fisksätra, macho nimeyafumba.

Msinicheke: baruti ambayo haijaharibika hunukia karibu hivyo hivyo. Baba alikuwa fundi mitambo kutoka Morogoro. Wenzake wa kiwandani walimfundisha kuwinda, na kila majira ya baridi alikaa mezani akijaza upya maganda ya risasi. Baruti aliitunza kwenye sanduku la mbao, mahali pakavu, mbali na hita. Mama ndiye aliyeandika tarehe kwenye kila mkebe, kwa mwandiko wake wa kulala. Baruti hukaa miaka mingi, lakini ikiharibika hunuka uchachu, na ukiiacha yaweza kuwaka yenyewe. Baba hakusikia harufu tangu alipougua homa utotoni, kwa hiyo mnusaji nilikuwa mimi.

"Fumba macho, mwanangu. Macho yana haraka," alizoea kusema, akinishikia mkebe puani.

Mwaka aliofariki mama tulinusa kama kawaida. Sikuwa nimelia. Nilikuwa nimekufa ganzi, nakula nikipewa, nalala nikiambiwa. Mkebe wa mwisho, wa mwisho pia kuandikwa na mama, ulinichoma pua kwa uchachu. Nilijua nikisema ni mbovu, mkebe mzima utapelekwa polisi, wanakopokea baruti mbovu, ukateketezwe.

"Bra," nilijibu kwa Kiswidi. Nzuri.

Baba aliuondoa mkebe puani. "Haya," akasema, akaufunga.

Mwaka uliofuata mkebe ule haukunuka chochote. Nikadhani ganzi imenifika puani, na wala sikujali. Nikasema tena ni nzuri.

Juzi nilimsaidia baba kuhama, nikaufungua mkebe ule macho wazi. Ulikuwa mtupu, umeoshwa. Ndani ya kifuniko mlikuwa na kutu ya kahawia, alama ya baruti iliyoharibika, ambayo mtu yeyote mwenye macho angeiona siku ile niliyodanganya. Juu ya mwandiko wa mama, baba alikuwa amebandika plastiki usifutike.

Kumbe miaka saba nilinusa mkebe mtupu, nikimwambia ni nzuri, naye kila mwaka akiniambia asante.