Zuhura Hatafsiri Kilichorukwa

Watu wa Mpapura wanaosema Zuhura ana kiburi wanasema kweli. Mimi namjua kuliko wao. Miaka minne amekuwa akitafsiri picha ndani ya banda la video la mume wangu Rashidi, na miaka hiyohiyo mimi nimekaa nje, mgongo kwenye mabati ya banda, nakaanga mihogo. Picha nzima sijaona hata moja. Nimezisikia zote kwa sauti ya Zuhura, na niko tayari kubishana na yeyote aliyekaa benchi la mbele.

Kiingereza alikipata mjini, Shangani, alikokuwa msichana wa kazi kwa mwalimu mmoja aitwaye Magreth. Huyo mwalimu hakuwa na mchezo. Jioni aliwafundisha watoto wake sebuleni, sentensi moja mara tatu, na Zuhura anasikiliza huku anapiga pasi. Watoto walisahau, yeye hakusahau. Aliporudi kijijini baada ya kuachika, alikuta mtafsiri wa Rashidi amehamia Masasi na banda limejaa watu wanaotazama midomo inachezacheza tu. Akaingia, akachukua maiki. Wakubwa wakasema, mwanamke gani huyu anakaa gizani na wanaume? Akawajibu kwa maiki hiyohiyo, spika ya nje ikiwa wazi, kwamba anayeona aibu azibe masikio. Kijiji kizima kilisikia.

Alizipenda zaidi picha za wale mastelingi wenye nguvu za ajabu, wanaopaa na kuinua malori. Ijumaa baada ya swala alikuwa anaitazama picha peke yake kwanza, mwanzo hadi mwisho, ili Jumamosi asibabaike. Adui mkubwa alimpa sauti ya afisa mmoja aliyewahi kuja kijijini kukagua, Kiswahili cha ofisini chenye Kiingereza kila baada ya maneno mawili. Stelingi alimpa ulimi wetu, wa kusema ntu na nkono. Banda zima lilikuwa hoi kwa kicheko. Lakini pakifika mahali pa uchungu hakuleta mzaha. Alishusha sauti, na mihogo yangu mingi imeungulia hapo.

Mwaka huu Rashidi akanunua projekta. Picha ikajaa ukuta mzima, na rangi zake, wanasema, ni balaa. Wanaume waliotoka kupulizia mikorosho dawa ya salfa waliingia na macho yao mekundu na bado hawakutaka kuyafumba. Rashidi akavimba kichwa. Akaanza kusema watu wanakuja kuona moto na maghorofa yanayoporomoka, maneno wanayo majumbani kwao. Rimoti haikumtoka mkononi. Kila stelingi alipokaa kuzungumza na mtu, yeye alisogeza mbele.

"Baba Zawadi," Zuhura alimwambia mlangoni pale, nasikia kwa masikio yangu, "hizo mbio anazokimbia zina sababu, na sababu ndiyo unayoiruka."

"Nani anakuja kusikiliza sababu? Ntu anakuja kuona."

"Basi ipo siku watauliza, nami nitanyamaza."

"Nyamaza."

Nilitamani kummwagia mafuta ya moto, mume wangu huyo. Nikaongeza chumvi kwenye mihogo na kutulia.

Jumamosi moja ikaja picha mpya. Stelingi ana mbawa za vioo, akipaa jua linavunjikia juu yake vipande vipande, na watu wakamwita Bwana Mbawa. Mapema kulikuwa na mama mgonjwa kitandani, na mtoto kando yake. Rashidi akamruka. Zuhura akaendelea kutafsiri kilichobaki mpaka mwisho, pale juu ya daraja. Adui yuko chini, hana nguvu. Bwana Mbawa ameinua ngumi, banda zima limesimama linapiga kelele amalize kazi. Na yule bwana akashusha ngumi, akavua barakoa, akakaa chini kando ya adui wake, akalia.

"Mbona analia na ntu mbaya huyu?" Juma, fundi baiskeli, alipaza sauti hadi nikamsikia nje. "Da Zuhura, mbona analia?"

Spika ikatoa muziki wa picha tu.

"Tafsiri!" Rashidi akasema.

"Siwezi kutafsiri kilichorukwa."

"Sema lolote!"

"Lolote sema wewe."

Nikasikia maiki inawekwa kwenye benchi, puu. Rashidi akamwambia akitoka asirudi. Akatoka. Alisimama kwangu akachukua kipande cha muhogo. Nami, Mungu anisamehe, nilitaka kujua kama wale wa ndani. Nikamuuliza kwa nini Bwana Mbawa hakumuua.

"Hata wewe sikwambii, Mama Zawadi. Nikikwambia, utamwambia yeye."

Rashidi akaleta kutoka mjini flashi zenye picha zilizotafsiriwa tayari, mwanamume anafoka mwanzo mwisho. Sitaki kudanganya kwamba banda lilikauka. Lilijaa. Zuhura akawa anakwenda kupalilia mashamba ya watu, na vijana wakimpita wanamwigiza, wameshika kijiti kama maiki. Hakugeuka. Mimi ndiye niliyekuwa nawatukana.

Ila swali halikuisha. Walimuuliza Rashidi sokoni, walimuuliza barazani kwa fundi baiskeli, walimuuliza akivaa viatu nje ya msikiti. Akasema Bwana Mbawa alichoka. Juma akamwambia ntu aliyechoka halii vile. Akasema basi, alikuwa mwoga. Wakamcheka.

Jumapili asubuhi nilimkuta bandani peke yake. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona ukuta ule umewaka. Alikuwa amerudisha nyuma hadi kwa mama mgonjwa, anamtazama, anamrudisha, anamtazama tena.

"Kashika nkono wa ntoto," akaniambia bila kugeuka. "Anasema weee, anasema. Anasema nini?"

"Nitajuaje? Mimi mkaanga mihogo."

"Na ntoto analia vilevile kama Bwana Mbawa kule darajani."

"Kamuulize Zuhura."

Akazima projekta, akanyanyuka. Nilifurahi, sifichi, nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikamfuata kwa nyuma ili nisikose neno.

Zuhura alikuwa uani kwake anamenya mihogo. Waliamkiana vizuri, kama watu wasio na neno. Rashidi akasimama, akakohoa.

"Da Zuhura, yule mama kitandani alisema nini?"

Kisu hakikusimama. "Jumamosi picha inakwenda yote, mpaka yale majina ya mwisho. Ninayeshika rimoti ni mimi."

"Watu watasinzia."

"Wasinzie."

Rashidi alinitazama. Nikatazama juu, kwenye paa la makuti.

"Haya," akasema. "Rimoti shika wewe. Sasa niambie, alisema nini?"

"Yule mama anaingia dakika ya ishirini," Zuhura akasema, na akamsukumia kigoda kwa mguu. "Hatujafika huko. Kaa, tunaanza mwanzo."

Mume wangu akakaa.