Kal ni Jana, Kal ni Kesho

Kilichomfanya Honorine aipende kazi ya kumhudumia Mama Nasreen nyumbani kwake ni maneno. Siku za mwanzo, bibi huyo wa Lahore alinyoosha kidole kwenye chupa ya vidonge akasema, "Dawa." Honorine akadhani amesikia vibaya. "Dawa?" akauliza. "Dawa," bibi akaitikia. Baadaye wakagundua kwamba sabuni ni sabuni, dunia ni dunia, na asubuhi kwa bibi ni subah. Honorine ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, na Kiswahili alikijua kabla ya Kifaransa. Jioni alirudi nyumbani, mtaa wa Granville, akiwaambia wanawe, Armelle na wadogo zake, kwamba Kiurdu na Kiswahili ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo.

Yale wasiyoelewana waliiachia simu. Honorine aliongea Kiingereza, simu ikatoa Kiurdu. Bibi akajibu, simu ikarudisha Kiingereza. Mwaka mzima walikwenda hivyo bila tatizo.

Mama Nasreen aliishi mtaa wa jirani, Merrylands, na Sadia, mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa migodini, magharibi ya nchi. Dawa za bibi karibu zote zilipangwa katika kiboksi cha siku saba. Kidonge kimoja tu, cha baridi yabisi ya viungo, kilikaa katika chupa yake peke yake. Hicho humezwa mara moja kwa wiki, Jumapili, na aliyempa ni Sadia. Cherotich, nesi Mkenya aliyewasimamia wahudumu, alikwisha kumwonya Honorine: "Hiki si cha mchezo, Mama Armelle. Figo za bibi ni dhaifu. Akizidisha, kinashambulia damu."

Jumatatu moja Honorine alikuta nyumba kimya. Sadia alikuwa amepanda ndege jana yake kwenda Melbourne, dada yake ameshikwa na uchungu kabla ya wakati. Aliacha ujumbe kwenye simu: kwa haraka ile hakumbuki kama alimpa mama kidonge cha Jumapili, tafadhali muulize, kama bado, mpe. Honorine akampigia. Simu ilikuwa imezimwa.

Akaketi mbele ya bibi, akaisemesha simu: "Umeshameza kidonge cha viungo?" Bibi akaisikiliza sauti ile ya mashine, akatabasamu.

"Kal," akasema.

Simu ikaandika neno moja: "tomorrow".

Kesho. Kumbe bado, Honorine akawaza. Bibi anataka kukimeza kesho, na siku imeshapita. Akatoa kidonge, akamletea kwa mikono miwili pamoja na maji. Bibi akamtazama kidogo, akapokea, akanywa. Honorine akamfuta kidevu, akaenda kwa mgonjwa wake wa pili.

Alasiri alipitia dukani kwa Bwana Rafaqat, Mpakistani anayeuza unga na dengu karibu na stesheni. Mchele aliotaka ulikuwa umekwisha. Kwa kujidai kidogo na neno lake jipya, Honorine akamwambia, "Basi nitakuja kuuchukua kal."

Bwana Rafaqat akacheka. "Vizuri. Ila ungesema 'kal' peke yake, nisingejua kama utakuja au ulikwisha kuja. Kwetu kal ni kesho, na kal ni jana vilevile. Kitenzi ndicho kinachotofautisha."

Honorine akashika ukingo wa kaunta. "Na mtu akisema kal tu? Bila kitenzi?"

"Basi inategemea ameulizwa nini."

Ameulizwa kama ameshameza. Simu ililazimika kuchagua moja kati ya mawili, ikachagua kesho, naye hakujua kama kulikuwa na la kuchagua. Akampigia Cherotich pale pale, maneno yakimtoka ovyo. "Dada, nafikiri nimemlisha mzee wa watu sumu."

Cherotich hakumkemea. Alimwuliza saa aliyompa, akamwambia arudi kwa bibi mara moja. Yeye anatafuta mkalimani na ushauri wa daktari. Bwana Rafaqat, aliyesikia yote, akamwachia mkewe duka. "Nyumba ile naijua. Twende."

Njiani Honorine alisali kwa Kirundi bila kujali anasikika. Akilini alimwona bibi amelala sakafuni, amegeuka rangi. Alimwona Sadia akirudi na habari za mtoto mchanga na kukutana na maiti. Funguo zilimdondoka mara mbili mlangoni.

Mama Nasreen alikuwa kitini akitazama runinga.

Bwana Rafaqat akainama kwa heshima, akauliza polepole, "Khala ji, dawa kal khaayi thi, ya kal khaayengi?" Yaani, dawa aliimeza kal iliyopita, au ataimeza kal ijayo?

"Khaayi thi," bibi akajibu, akaongeza maneno mengine akimtaja Sadia.

Bwana Rafaqat akamgeukia Honorine. "Aliimeza jana," akasema. "Sadia alimpa kabla ya kuondoka."

"Piga ambulansi sasa hivi," sauti ya Cherotich, aliyekuwa amekwisha kupiga tena, ikatoka kwenye simu. Honorine akakata, akaanza kubonyeza sifuri tatu za dharura, machozi yakimwangukia kwenye kioo.

Bibi akauliza jambo. Alipojibiwa, akashtuka, akaanza kuhangaika na mtandio wake. Pindoni kulikuwa na fundo, kama mama zetu wanavyofunga sarafu kwenye kanga. Vidole vyake vilivyopinda havikuweza kulifungua, ikabidi Bwana Rafaqat amsaidie. Ndani mlikuwa na kidonge, kimelowa kikakauka, rangi imevuja kwenye kitambaa.

"Anasema alijua ameshameza," Bwana Rafaqat akaeleza. "Lakini ulimletea kwa mikono miwili, akaona haya kukurudishia. Akakificha mdomoni mpaka ulipoondoka."

Honorine akakaa chini pale pale kwenye zulia. Bibi akamwekea mkono kichwani, akasema maneno mengi ambayo hakuna aliyeyatafsiri.

Cherotich alifika jioni ile, akahesabu vidonge vya kwenye chupa, akampigia daktari. "Lazima niripoti, Mama Armelle," akasema wakiwa jikoni. "Sikukomoi."

"Ripoti, dada. Nisingelala kama usingeripoti."

Honorine akaondolewa kwenye mambo ya dawa hadi apate mafunzo upya, na ofisi ikaamuru kwamba maswali ya dawa yaulizwe kwa mkalimani, si kwa simu. Sadia alirudi na picha za mpwa wake, akaomba radhi kwa ujumbe ule. Hakuwa na kinyongo.

Mafunzo yakaisha, Honorine akarudishiwa dawa. Sasa bibi akimeza, yeye husimama kumtazama koo. Mama Nasreen huona mzaha: hufungua kinywa, hutoa ulimi, huuzungusha huku na huku kuonyesha hakuna kitu, kisha hucheka peke yake. Honorine hacheki naye. Hutazama tena chini ya ulimi, ndipo huondoa kikombe.