Diwani wa Mstari wa Mbele

Baraza la mji likipigwa picha, diwani wa viti maalumu aliwekwa mbele, katikati, kama ua mezani. Picha ikiisha, hakuna aliyemuuliza neno. Alikuwa msusi, na mikono yake haikujua kutulia. Kikao kizima ilisuka na kufumua nyuzi za mtandio wake, huku akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Siku madiwani walipokubaliana, bila kupiga kura, kufunga wodi ya wazazi ya hospitali ya mji, mwenyekiti alimgeukia kwa sauti ya asali. “Sasa mama yetu atupe neno la shukrani, tufunge kikao.” Alisimama, akauachia mtandio. Sauti yake nyembamba ya kushukuria ilitoka nzito, hata mwenyewe akashtuka. “Leo sishukuru! Wanawake wakajifungulie wapi, barabarani? Naomba kura: anayepinga wodi kufungwa, mkono juu, tuonane.”

“Mama, keti basi,” mwenyekiti alinong’ona.

“Kuketi nimeketi sana, mheshimiwa.” Akanyoosha mkono wake juu. Diwani mmoja wa nyuma akanyoosha wake, akafuata jirani yake, kisha ukumbi ukawa msitu wa mikono. Wodi haikufungwa. Alipotoka nje, uso ukimwaka kwa furaha, alikuwa bado anaongea, na wenzake walimfuata wakimsikiliza.