Kidole Juu ya Jina

Juzi, kwenye uwanja wa ndege wa Wajir, mbele yangu alisimama bwana aliyekuwa akimpeleka mama mkwe wake hospitali Nairobi. Foleni nzima alikuwa ameshaitangazia: "Mimi nimeuza ngamia, nikamnunulia mama tiketi."

Karani akanyoosha mkono. "Nionyeshe kadi ya benki iliyolipia tiketi." Siku hizi mashirika ya ndege yanaogopa wezi wa kadi.

Bwana akaitoa polepole, kidole kikiwa juu ya jina. Karani akakisogeza. "Mbona ni ya mwanamke?"

"Ya mke wangu," akanong'ona. Foleni ikaangua kicheko, na mimi sikubaki nyuma.

Mama mkwe akavuta shungi. "Ngamia aliuza yeye. Pesa alimpa binti yangu aweke. Andika, twende."

Ndani ya ndege mkwe aliketi nyuma, mimi nikapata kiti kando ya mama. Nikamuuliza habari za ngamia yule.

"Ngamia gani? Huyo hata mbuzi hana. Lakini mtu yako akivuliwa nguo mbele ya watu, unamfunika." Akanitazama. "Kicheko yako niliisikia."

Nikainama kutafuta mkanda wa kiti, ambao nilikuwa nimeshaufunga.