Mfadhili Aliyeuliza Wengine Wako Wapi

Habari ya msiba ilinikuta sokoni Walthamstow, London, nikichagua bamia. Mwalimu mwenzangu alinipigia kuniambia kwamba yule mzee wetu wa fimbo amefariki, na ameshazikwa. Mayahudi katika hili wanafanana na sisi Waislamu, maiti hawamcheleweshi, kwa hiyo ukipitwa na simu moja umemkosa mtu mara mbili. Niliziweka bamia chini nikalia palepale, na muuzaji, masikini, akadhani ni bei, akanipunguzia. Tangu siku hiyo natafuta namna ya kuwaeleza wasomaji wangu alikuwa nani, kwa sababu alikuwa mtu wa aina tunayoisifu sana na kuielewa kidogo. Alikuwa mfadhili.

Mnaonifuata hapa mnajua kwamba kalamu hainilishi. Riziki yangu iko katika shule ya msingi ya Kiyahudi kaskazini mwa London, ambako mimi, mtoto wa Tanga niliyechapwa kwenye chuo cha Kurani kwa sababu ya juzuu, ni msaidizi wa mwalimu. Serikali hulipia masomo ya kawaida. Masomo ya dini na ziada zote hutoka kwa wafadhili, na kila kiangazi wafadhili hao huja kuona. Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini shuleni kwetu mwenyeji huugua wiki nzima kabla mgeni hajafika. Kuta zinapakwa rangi, kwaya inaimba mpaka sauti zinakauka, na wenye makamasi wanapangwa mstari wa nyuma. Chumba changu hakikuwamo katika ziara. Kiko kando ya stoo ya viti, na humo tulikuwa tukiwasomesha watoto wanaosumbuliwa na herufi. Mwaka ninaouzungumzia, mfuko wa chumba hicho ulikuwa unakauka mwisho wa muhula. Asipopatikana mtu wa kuuendeleza, chumba kingefungwa na watoto wangerudi kukaa kimya nyuma ya madarasa makubwa. Mwalimu mkuu alilijua hilo na lilimuuma, ila alikuwa na imani yake kwamba mfadhili haoneshwi jembe, anaoneshwa mavuno.

Basi siku ikafika, na meza ikaandaliwa ukumbini: samaki wa kukaushwa kwa moshi, mikate ya duara yenye tundu katikati, jibini, keki za kila namna. Mambo ya chakula pale si mchezo. Rabi alikuwa ameulizwa kuhusu samaki, kuhusu jibini, mpaka kuhusu sahani, naye akaridhia kila kitu. Jambo moja tu hakuna aliyemuuliza, nalo ni tarehe. Ofisi ilitazama kalenda, ikaona si sikukuu, shule iko wazi, ikatuma mialiko. Kumbe ilikuwa saumu. Wana saumu ndogo za mwaka ambazo hazifungi shule na watoto hawazifungi, lakini mtu mzima anayeshika dini hali wala hanywi mpaka giza liingie, na giza la London wakati wa kiangazi linajua kujivuta. Chakula kilikuwa halali kabisa. Siku ndiyo haikuwa.

Kwetu asiyefunga Ramadhani tunamwita kobe, na sifa ya kobe ni kuingiza kichwa ndani watu wakipita. Siku ile niliona makobe waliovaa suti. Waliofunga walikuwa wachache, na kwa adabu hawakutaka kumwaibisha mwenyeji, wakasema walikula sana asubuhi. Wasiofunga wakawatazama waliofunga, wakaona haya, wakasema nao wameshiba. Mama mmoja, ambaye nilikuwa nimemkuta kwenye korido na kikombe cha kahawa, alikiweka nyuma ya chungu cha maua. Rabi aliingia akiwa amechelewa, akaitazama meza, akauliza kwa sauti ya chini, "Leo?" Mwalimu mkuu akawa mwekundu. Saa nzima ya ratiba ilikuwa imetengewa kula, na kwaya ilikwisha imba.

Ndipo yule mzee akanijia. Alizaliwa Nakuru, ambako wazazi wake walikimbilia wakiwahofia waliotaka kuwaua, na Kiswahili chake alikiokota utotoni kwa wafanyakazi wa baba yake. Kilikuwa Kiswahili cha kuagiza chai, nacho alikitumia kunijulia hali bila kujua kwamba kinachekesha.

"Mama, mimi hapana funga. Daktari nakataa," aliniambia. "Lakini kula peke yangu mbele ya hawa, hapana. Wewe nafanya kazi wapi hapa?"

"Kule nyuma, Mzee, karibu na stoo."

"Sisi hapana ona huko."

"Hamkupangiwa, Mzee."

Akagonga fimbo sakafuni na kuwatangazia wenzake kwa Kiingereza kwamba, kwa kuwa hakuna anayekula, twende tukaone palipobaki. Mwalimu mkuu alinitazama kama vile nimemwaga mchuzi. Tukaenda, suti zote zile, tukajibana kwenye chumba changu. Binti wa miaka minane alikuwa akinisubiri tuendelee na kitabu chake. Alisoma mistari miwili akakwama kwenye neno. Mwalimu mkuu akafungua kinywa amsaidie, mzee akainua mkono. Tukasubiri. Kama wangekuwa na pa kwenda wangekwenda, lakini nyuma yao kulikuwa na meza tu. Mtoto akalivunja lile neno vipande, akaviunga, akalitamka lote, kisha akainua macho.

"Mnaweza kwenda kula sasa," aliwaambia.

"Leo hatuli," akajibu yule mama wa kahawa.

"Kwa nini mmeandaa, basi?"

 Wageni wakaanza kucheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa raha, na kabla ya muhula kwisha mzee na wenzake wakawa wamejitwika kuujaza mfuko wa chumba kile.

Ningeishia hapo ningekuwa nimewadanganya. Mwaka uliofuata chumba kilipakwa rangi, kikapata kibao mlangoni, kikawa cha kwanza kwenye ratiba ya ziara, maana sasa kilikuwa mavuno. Mwalimu mkuu alimleta mtoto anayesoma kama maji yanayoteremka, ambaye hajawahi kukanyaga humo, na watoto wangu wakapelekwa uwanjani. Wageni wakapiga makofi. Mzee peke yake hakupiga.

"Huyu nasoma vizuri," aliniambia. "Wale wengine nakwenda wapi?"

"Wako uwanjani, Mzee."

Akatoka na fimbo yake kwenye manyunyu, akakaa nao kwenye benchi mpaka basi la wageni lilipopiga honi. Hiyo ndiyo mara yangu ya mwisho kumwona.

Nimekuja kuamini kwamba kutoa si kazi ngumu. Kazi ni kukubali kuoneshwa kisichopendeza, na kwa upande wetu tunaopokea, kuwa na ujasiri wa kukionesha. Mficha uchi hazai, nasi tumekuwa mafundi wa kuvisha nguo. Ziara ya mwaka huu imekaribia, na mwalimu mkuu ameniomba majina ya watoto watatu wa kusoma mbele ya wageni. Nimempa watatu wanaokwama kuliko wote. Amemkubali mmoja. Kwa hao wawili bado tunabishana, na safari hii nabishana peke yangu.