Siku Niliyomsomea Baba Barabara

Petroli ikidondokea chuma cha moto hutoa harufu kali inayokaba koo. Wiki iliyopita, hapa Kabasa mjini Bunda ninapofundisha shule ya msingi, kijana mmoja alikuwa akijaza petroli kwenye jenereta mbele ya saluni, akaimwaga kidogo juu ya bomba la moshi. Nilisimama palepale. Wenye saluni walidhani nimekuja kusuka, wakanivutia kiti. Lakini mimi sikuwa pale. Nilikuwa ndani ya gari la baba, miguu juu, kichwa chini.

Kwetu ni Nyasho, Musoma, na nyumba yetu ilijulikana kwa kelele. Mgeni akiuliza njia, majirani walimwambia afuate mngurumo. Babu yangu alikuwa dereva wa lori la pamba, na ndiye aliyeanza kushindana kwenye mbio za magari za barabara za vumbi. Baba akarithi usukani, baba mdogo akafuata. Mama aliolewa hajui spana ni kitu gani, lakini nilipopata akili alikuwa anabadilisha tairi kabla mchungaji hajamaliza baraka. Babu alikuwa na msemo wake, "Breki ni ya wageni," na watu wazima waliurudia mezani huku wakicheka. Neno "naogopa" sikuwahi kulisikia ndani ya nyumba ile.

Kwenye mbio hizo dereva haendi peke yake. Pembeni yake hukaa msomaji, ambaye kazi yake ni kumsomea barabara kutoka kwenye karatasi: kona kali kulia, kalvati, mteremko, kona ndefu kushoto. Kiti hicho kilikuwa cha kaka yangu Magesa. Jioni moja, tukiwa tunakula ugali na sato, kaka alisema bila kuinua uso, "Baba, mimi nimechoka. Naenda Mwanza kwa shangazi, nikasome ufundi umeme."

Baba alimaliza tonge lake, akanawa taratibu. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa bado nasoma darasa la saba.

"Nyangeta, si unasoma vizuri wewe?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi Jumamosi utanisomea barabara."

Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Baba mdogo alipiga meza kwa furaha, mama akaenda kunipunguzia ovaroli la kaka. Nililitazama likikatwa miguu, nikahisi kama napimiwa sanda.

Jumamosi asubuhi tukaenda kufanya mazoezi kwenye barabara ya vumbi kati ya Butiama na Nyamuswa. Mvua zilikuwa zimekula kingo za barabara. Baba alinifunga mkanda mwenyewe, akaukaza hadi pumzi ikawa fupi. Ndani ya gari yalichomelewa mabomba ya chuma kila upande, ili likipinduka lisitufinye. Mimi niliona kizimba cha kuku. Tulipoanza, nilisoma kwa sauti niliyoitumia kusoma somo kanisani, na baba alikuwa anatikisa kichwa kuonyesha nafanya vizuri.

Baada ya kona moja, tukawakuta ng'ombe katikati ya njia. Baba alikata usukani, gari likapanda ukingo, likajibwaga korongoni, matairi juu.

Vumbi lilipotulia tulikuwa tunaning'inia kwenye mikanda kama popo. Upande wangu mlango ulikuwa umebanwa na udongo, upande wake jiwe. Kioo cha mbele kilikuwa kimezama kwenye matope, na cha nyuma kilizibwa na yale mabomba. Petroli ilikuwa inadondoka mahali fulani, tone baada ya tone, juu ya chuma cha moto.

"Umeumia?" baba aliuliza.

"Hapana, Baba. Tutoke."

"Zima hiyo swichi nyekundu." Nikaizima. "Mguu wangu umebanwa. Na milango haifunguki."

Alijaribu kusukuma, akaguna, akaacha. Halafu akasema polepole, "Naogopa, mama."

Baba aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Hata leo sijui siku ile alikuwa anamwambia yupi kati yetu.

"Nimeogopa tangu babu yako aliponikalisha kwenye kiti hicho ulichokaa," akaendelea. "Mimi nilitaka kuwa fundi cherehani. Nilikuwa naendaga kwa fundi mmoja pale sokoni, namwangalia anavyokata suti. Babu yako akanifuata hukohuko, akanirudisha kwa bakora."

Msinicheke, lakini nilicheka. Nilimwaza baba, na mikono yake ile ya grisi, akipima kiuno cha mchungaji. Naye akacheka kidogo, kisha tukabaki tukisikiliza matone.

Aliyetutoa ni mama mmoja aliyekuwa akilima na ng'ombe shambani kwake. Aliinama, akachungulia, akauliza kama tuko wazima. Kisha akafungua mnyororo wa plau, akaufunga kwenye gari, na maksai wake wakaligeuza ubavu. Alipomvuta baba nje alimtazama kwa masikitiko.

"Nyie watu, mnawahiaga nini? Barabara haiendagi popote, mtaikuta tu."

Jioni ukoo mzima ulijaa sebuleni kwetu. Baba alikaa na mguu wa plasta juu ya stuli. Baba mdogo alisimulia ajali utadhani alikuwepo, na kila aliposimulia mimi nilizidi kuwa shujaa. Kisha akaniuliza mbele ya wote, "Nyangeta, uliogopa?"

Baba aliinua macho, akanitazama. Alinitazama muda mrefu. Niliona ananisihi nimfichie; ningetaja woga wangu, wangeuliza na wake.

"Hapana," nikasema.

Nyumba ikalipuka kwa vicheko na vigelegele. Baba akatazama sahani yake. Baadaye akasema, "Injini ni nzima," na nikajua nimefungwa.

Nilimsomea barabara mpaka nilipokwenda chuo cha ualimu. Kila mbio zilipokaribia niliomba gari ligome kuwaka, na kila tulipomaliza watu walinibeba mabegani. Sifa zile zilinikaza kuliko mkanda.

Baba aliendelea hadi macho yalipomwishia nguvu. Mwaka jana nilikwenda kuwasalimu, tukawa na mama barazani tunachambua dagaa, naye baba amesinzia kwenye kiti.

"Siku ile ya korongo," mama aliniambia kwa sauti ya chini, "baba yako alikuwa anakungoja wewe useme. Aliniambia, 'Mtoto akisema anaogopa, hakuna atakayenicheka nikiliuza gari kwa ajili yake.' Uliposema hapana, akaamini unazipenda mbio."

Niliacha dagaa. Nilikuwa nimekulia kwenye imani kwamba heshima ni kumtunzia mzazi siri yake. Kumbe aliniachia siri ile kule korongoni ili niitoe, maana yeye hakuweza. Miaka yote ile tulipanda gari lile, mimi kwa ajili yake, yeye kwa ajili yangu, na hakuna kati yetu aliyetaka kwenda.